Zawadi ya Teddy ya Berlin na Waamuzi wa Eklezia

Kila mwezi wa Februari mji wa Berlin katika Ujerumani hukusanya watu wa sinema toka pande zote za dunia. Festivali yao ilianza mwaka 1951, na zawadi yake kubwa ni sanamu ya dubu wa zahabu, sababu dubu ndiye mnyama wa mji ule. Lakini kando ya dubu huyu mkubwa yuko mwingine mdogo, mfano wa dubu wa kuchezea watoto. Jina lake ni Teddy. Huyu hupewa filme zinazosimulia maisha ya watu wenye kupenda watu wa jinsia yao, ao ya watu wasiojiona kuwa wa jinsia ile waliyozaliwa nayo. Venice katika Italia wana zawadi ya namna hiyo tangu 2007, waiita Queer Lion. Na Cannes katika Ufaransa tangu 2010, yaitwa Queer Palm.

Wengine watauliza: gazeti la waseminari latafuta nini huko? Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa wazi. Vijana wetu wanaziona filme hizi. Hakuna tena haja ya kungoja gari la sinema lije misioni na mashini yake na shuka lake jeupe. Simu ya mfukoni yatosha, hata katika kijiji kisicho na taa. Tena, na hili ndilo lililotusukuma zaidi, Eklezia nayo ina waamuzi wake katika festivali zile zile. Wanaketi katika vyumba vile vile, wanatazama filme zile zile, kisha wanatoa zawadi yao. Ziko filme zilizopata heshima ya pande zote mbili. Mtu aliyezoea kusema "hizi zetu, zile zao" atashangaa.

Tuanze na asili ya Teddy. Ilizaliwa mwaka 1987 kwa kazi ya watu wawili, Manfred Salzgeber na Wieland Speck, waliosimamia sehemu ya festivali iitwayo Panorama. Filme ndefu ya kwanza iliyopewa zawadi hiyo ilikuwa *La ley del deseo* ya Mhispania Pedro Almodóvar. Pamoja naye alituzwa kijana Mwamerika aliyekuwa hajulikani bado, Gus Van Sant, kwa filme zake fupi. Mwanzoni ilikuwa karibu mchezo wa marafiki. Mwaka 1992 festivali ikaiandika rasmi kati ya zawadi zake. Yafaa tukumbuke miaka ile ilikuwa ya namna gani: ugonjwa wa sida ulikuwa unaua, dawa ya kuwaponya haikuwapo, na wagonjwa wengi walikufa pasipo jamaa mlangoni. Salzgeber mwenyewe alikufa na ugonjwa huo mwaka 1994. Hatusemi hivi kusudi tuwape watu hawa utakatifu. Twasema kusudi msomaji ajue kwamba zawadi hii haikutoka katika anasa tu, bali pia katika kilio.

Upande wetu historia ni ndefu zaidi. Ofisi ya Kikatolika ya Sinema, yaani OCIC, iliundwa mwaka 1928. Papa Pio XI aliandika barua *Vigilanti Cura* mwaka 1936, Papa Pio XII akaandika *Miranda Prorsus* mwaka 1957, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa *Inter Mirifica* tarehe 4 Desemba 1963. Katika barua hizi Mapapa hawakusema "fungeni macho." Walitaka Wakristu wahukumu filme, wasifu iliyo njema, waonye juu ya iliyo mbaya. Kwa sababu hiyo OCIC ilituma waamuzi kwenye festivali. Tangu 1974 huko Cannes, na tangu 1992 huko Berlin, Wakatolika na Waprotestanti wanaketi pamoja katika baraza moja la kiekumene. Mwaka 2001 OCIC iliungana na chama cha radio na televisheni cha Kikatolika, ikawa SIGNIS. Katika Kongo yetu mapadri hawakuishia kuhukumu, bali walishika kamera wenyewe. Wazee wa Kasai wanakumbuka vichekesho vya Matamata na Pilipili vya Padri Albert Van Haelst wa Scheut. (Vichekesho vile vina aibu zake, hasa namna vilivyomwonyesha Mweusi kama mtoto mkubwa, lakini hayo ni masimulizi ya siku nyingine.)

Basi tazameni jambo hili. Waamuzi wa Teddy huulizwa mara nyingi: kwa nini mwachagua filme kwa ajili ya habari inayosimuliwa, si kwa ajili ya uzuri wa kazi tu? Lakini swali lile lile latupata sisi. Baraza letu halitafuti filme iliyopigwa vizuri tu. Latafuta filme yenye kumwinua mtu na kumwonyesha njia ya Evanjili. Kila upande umeleta kipimo kutoka nje ya ufundi. Hatuwezi kuwakatalia wao haki hiyo na kujihifadhia sisi wenyewe. La kuuliza ni jingine: kipimo hicho chamsaidia mwamuzi kuona, ao chamfumba macho?

Mfano wa kwanza ni wa kwetu, nao ulitutia moto. Mwaka 1964 Mwitalia Pier Paolo Pasolini alileta Venice filme yake *Il Vangelo secondo Matteo*. Mtu huyu alikuwa mkomunisti, hakusadiki, na watu wote walijua kwamba alipenda wanaume. Miaka miwili mbele, mwezi wa Oktoba 1962, alikuwa mgeni katika nyumba moja ya Kikatolika mjini Assisi, siku ile Papa Yoane XXIII alipopita kwenda kusali mle. Barabara zilijaa watu, hakuweza kutoka; akakichukua kitabu cha Evanjili kilichokuwa chumbani, akakisoma toka mwanzo hadi mwisho. Filme yake aliiweka wakfu kwa ukumbusho wa Papa huyo. OCIC iliipa zawadi yake, na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikano iliiandika katika orodha ya filme 45 zenye thamani.

Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kuisikiliza filme ile, maana ndani yake mna sauti za nyumbani. Mara kadhaa, juu ya uso wa Mtoto Yezu na juu ya watu maskini wa mawe na mavumbi, yaimbwa *Gloria* ya Missa Luba, ile Misa iliyotungwa Kamina na Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na vijana wake, na kuimbwa mara ya kwanza mwaka 1958. Yule asiyesadiki alielewa jambo ambalo maparoko wengi wa siku zile walikuwa bado wanalibishia, kwamba ngoma yaweza kumtukuza Mungu pasipo kumwomba ruhusa mtu wa Ulaya. Twasikitika tu kwamba wengi wanaoisifu filme hawajui jina la Kamina.

Miaka minne baadaye, mwaka 1968, mtu yule yule alirudi Venice na *Teorema*. Habari yake ni hii. Mgeni kijana, asiyejulikana atokako, aingia katika nyumba ya tajiri mwenye kiwanda huko Milano. Alala na mtumishi, na kijana wa nyumba, na mama, na binti, na mwishoni na baba mwenyewe. Kisha aondoka, na nyumba yote yaanguka. Binti akauka kama mti. Mama aenda kutafuta vijana barabarani. Kijana apaka rangi ovyo. Baba awaachia wafanyakazi kiwanda, avua nguo katika stasheni ya gari la moshi, na aenda uchi jangwani akipiga kelele. Mtumishi peke yake, mwanamke wa shamba, arudi kijijini, aponya wagonjwa, na mwishoni azikwa angali hai, machozi yake yawa chemchemi.

Waamuzi wa OCIC waliipa filme hiyo zawadi. Kelele zikatokea mara moja. Gazeti la Vatikano likashutumu, serikali ya Italia ikaikamata filme na kumshitaki Pasolini kwa uchafu, mahakama ikamwachia mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Tangu siku hizo watu wengi wanataja habari hii kwa kicheko: tazama mapadri walivyodanganyika!

Sisi hatucheki. Waamuzi wale waliona jambo lililomo kweli katika filme. Waliona nyumba iliyoshiba mali inayotembelewa na kitu kisichonunuliwa, na tajiri asiyeweza tena kuishi kama jana. Walioona kitanda tu waliona kidogo. Lakini nao waamuzi walipitwa na kitu, na kitu chenyewe si usherati unaoonyeshwa pale, ingawa ni usherati. Katika nyumba ile hakuna mtu anayeulizwa neno. Mgeni aja, wanamtazama, wanaanguka. Mungu awa njaa tu, nguvu yenye kukamata mwili kama homa. Nazareti haikuwa hivyo. Malaika alisema, Bikira akauliza, malaika akamjibu, kisha mbingu ikangoja neno la msichana wa kijijini. Neema hubisha mlango. Pasolini, aliyepiga picha ya Bikira kwa heshima kubwa mwaka 1964, alisahau jambo hili mwaka 1968. Na baraza letu halikumkumbusha, sababu lilifurahi mno kukuta habari ya Mungu katika nyumba ya mkomunisti. Kipimo chake kilimfumba jicho moja.

Sasa twende Berlin, tuone kama Teddy ina ugonjwa huo huo. Mwezi wa Februari 2013 zawadi yake ya filme ndefu ilipewa *W imię...*, maana yake "Kwa jina la...", kazi ya mwanamke Mpolonezi, Małgorzata Szumowska. Filme hii ni ya lazima kwetu, maana yahusu padri. Tena siku zile zile za festivali, tarehe 11 Februari, Papa Benedikto XVI alitangaza kwamba anaacha kiti cha Petro. Na katika filme mna mahali ambapo padri aliyelewa, peke yake usiku, aitwaa picha ya Papa huyo ukutani na kucheza nayo dansi. Wenye hasira walisimama pale pale na kuacha kutazama. Ni hasara, kwa maana tukio lile si la dhihaka. Ni la upweke. Mtu hana wa kumshika mkono ila picha ya mkubwa wake iliyo katika kioo.

Padri huyo aitwa Adam. Mwenye kumwigiza, Andrzej Chyra, hutumia mwili wake vizuri kuliko maneno. Ametumwa toka Varshava kuja mashambani kusimamia nyumba ya vijana wakorofi. Kazi aifanya vema. Awapenda vijana, acheza nao mpira, aadhimisha Misa kwa imani, na asubuhi apiga mbio msituni mpaka pumzi imwishie. Mke wa mwenzake amwendea usiku, naye amkataa. Mtazamaji adhani: huyu ni padri mwenye nguvu. Polepole twajua kwamba anakimbia kitu kingine: moyo wake wavutwa na wanaume, na sasa na kijana mmoja wa kijiji, Łukasz, asiyesema sana, wa jamaa maskini. Kuna siku wawili hao wanaingia katika shamba la mahindi na kupiga milio ya nyani, huyu huku, yule kule, pasipo kuonana. Hatujaona mara nyingi katika sinema mapendo yaliyokatazwa yakionyeshwa kwa usafi hivi. Adam hatimaye azungumza na dada yake aliye ng'ambo kwa njia ya kompyuta, amlilia, amwambia yaliyomo moyoni. Na afanya bidii kumweleza kwamba yeye si mharibifu wa watoto. Tofauti hiyo watu wetu wengi hawaijui. Wanavichanganya vitu viwili, na katika machafuko hayo mwovu wa kweli hupata pahali pa kujificha, na mtu asiye na kosa huandikwa jina baya.

Wakubwa wa jimbo wanafanya nini? Wanamhamisha. Kama walivyomhamisha zamani toka Varshava. Filme yaonyesha jambo hili kwa ufupi na ubaridi: karatasi, gari, parokia nyingine. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tuliposoma Pasolini tulisema hivyo, na hapa twasema tena. Askofu wa Szumowska amechorwa kwa haraka mno, kama sanamu ya karatasi, na huo ni upungufu wa filme. Lakini desturi ya kuhamisha pasipo kuuliza si uzushi wa sinema. Eklezia imelipa bei kubwa kwa desturi hiyo, hasa pale aliyehamishwa alikuwa mharibifu wa watoto kweli.

Hata hivyo twaona mahali ambapo wenye kutoa Teddy walipitwa. Łukasz si mtoto, lakini ni kijana asiye na kitu, na Adam ndiye padri wa pale, mwenye ufunguo, mwenye neno, mwenye nyumba. Katika nyumba ile ile kijana mmoja alijinyonga. Baada ya hayo, kijana amfuata padri kwenye makao yake mapya, na yale waliyoyaogopa yanatimia, na kamera yafurahi pamoja nao, kana kwamba mlango wa gereza umefunguliwa. Hakuna swali juu ya uwezo alionao mchungaji juu ya kondoo. Kama Łukasz angekuwa msichana wa kijiji na Adam ni paroko wake, watazamaji wa Berlin wangeuliza swali hilo mara moja, na wangekuwa na haki. Kwa sababu habari ilikuwa ya wanaume wawili, na zawadi ilikuwa ya habari za namna hiyo, swali likalala.

Lakini picha ya mwisho! Kwa ajili ya picha hiyo tungewasamehe mengi. Twaona uwanja wa seminari, vijana waliovaa kanzu nyeusi, na kati yao Łukasz. Filme yaishia hapo, pasipo maelezo. Wengine walisoma: tazama, Eklezia imejaa watu wa hivi, mambo yazunguka tu. Inawezekana mtengenezaji alitaka hivyo. Sisi twaisoma kama swali lililotumwa kwa wasimamizi wa seminari wote wa dunia. Maagizo ya Roma ya mwaka 2005 yafundisha kwamba mwenye mwelekeo wa ndani na wa kudumu wa namna hiyo asipokelewe katika seminari wala kupewa Daraja. Yaongeza kwamba mwombaji asimfiche kitu padri wake wa kiroho, maana kuingia kwa kuficha ni kujidanganya na kuwadanganya wengine. Sheria hiyo twaijua. Lakini sheria hii yadai mtu wa kusikiliza. Kijana hawezi kusema ukweli pale ambapo neno moja la ukweli latosha kumfanya kicheko cha chumba cha kulia, na kumrudisha nyumbani na aibu mbele ya ukoo wote uliouza mbuzi kumlipia masomo. Atanyamaza. Atajifunza Kilatini, ataimba vizuri, atapewa Daraja, na siku moja atacheza dansi na picha ukutani.

Tupite haraka juu ya filme ya Chile, *Una mujer fantástica* ya Sebastián Lelio, iliyopata Teddy mwaka 2017. Baraza la kiekumene nalo likaitaja kwa sifa katika festivali ile ile. Ndiyo filme tuliyoiwaza tulipoandika juu ya heshima ya pande mbili. Marina, aliyezaliwa mwanamume na kuishi kama mwanamke, afiwa na mzee aliyeishi naye, na jamaa ya marehemu yamkataza kufika kwenye mazishi. Mwigizaji Daniela Vega aibeba kazi yote mabegani. Waamuzi wetu hawakubariki maisha ya wawili hao kwa kuitaja filme. Walitazama kilio kilichokatazwa. Na hapo Mwafrika hana haja ya mwalimu wa Ulaya: kwetu hata adui hufika kilioni, hata aliyegombana na marehemu hukaa chini pamoja na wengine. Kumfukuza mtu kwenye kilio ni laana.

Tulitaja mazishi kusudi tufike Uganda. *Call Me Kuchu* ni filme ya mambo ya kweli, iliyopigwa na wanawake wawili, Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall. Ilipata Teddy ya filme za namna hiyo mwaka 2012. "Kuchu" ndilo jina wanalojiita watu hao katika Uganda. Filme yamfuata David Kato, mwalimu, aliyesimama waziwazi kuwatetea. Mwezi wa Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa picha na majina ya watu wa namna hiyo, yeye akiwamo, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Walikwenda mahakamani, wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi ule ule Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono, kwa kupigwa nyundo.

Filme yote ni ya kazi nyepesi. Kamera yatikisika, na nusu ya kwanza yarefuka. Lakini mazishi hatutayasahau. Umati uko kijijini, jeneza liko pale, mama analia. Mhubiri wa Kianglikana ashika kipaza sauti, na pahali pa kumwombea maiti aanza kuwahukumu rafiki zake waliokuja kumzika, awatajia Sodoma. Wanasimama, wanamnyang'anya kipaza sauti, kelele zinatokea. Watu wa kijiji wanakataa kulibeba jeneza. Mwishoni rafiki zake wenyewe wanalibeba mpaka kaburini, na aliyesali pale ni askofu mzee Christopher Senyonjo, ambaye Kanisa lake lilikuwa limemkataza kazi kwa sababu ya kuwasaidia.

Twawauliza wakatekista, maana ninyi ndio mnaozika katika vijiji ambako padri hafiki: mngesema nini siku ile? Senyonjo ana mafundisho ambayo sisi Wakatolika hatuyafuati. Mhubiri yule alitaja maandiko ambayo nasi twayasoma. Lakini kati ya wawili hao, ni nani aliyetenda kazi ya huruma ya kuzika wafu? Anayejibu kwa haraka, upande wowote, hakuitazama filme vizuri.

Mafundisho yetu yana maneno mawili, na desturi mbaya ya siku hizi ni kila mtu kuchukua moja. Katekisimu yasema kwamba matendo hayo hayapatani na mpango wa Muumba. Yasema pia, papo hapo, kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima na kwa huruma, na wasitengwe isivyo haki. Mwezi wa Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika, aliandika kwamba hapa kwetu haifai kubariki wawili wa jinsia moja. Barua hiyo ilishangiliwa sana. Sehemu yake iliyokumbusha heshima ya kila mtu haikushangiliwa sana. Na Papa Fransisko, alipokuwa akirudi Roma mwezi wa Februari 2023 baada ya kutembelea Kinshasa na Sudani ya Kusini, alisema ndani ya ndege kwamba kuwatia watu hawa katika sheria ya makosa ya jinai si haki. Alikuwa ametoka kwetu. Hakusema hayo akiwa ameisahau Afrika.

Kuhusu Kenya tuna maneno machache. *Stories of Our Lives* ya Jim Chuchu ilipata zawadi ya waamuzi wa Teddy mwaka 2015, baada ya kukatazwa kwao; *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilikuwa filme ya kwanza ya Kenya katika festivali ya Cannes, mwaka 2018, nayo ikakatazwa, mpaka mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba, na watu wakajaa. Ya kwanza ina picha nyeupe na nyeusi nzuri sana na masimulizi membamba. Ya pili ina rangi nyingi na wasichana wawili waigizaji wema, lakini wazazi wao, wanasiasa wawili wanaoshindana, wamekaa kama vikaragosi, na mhubiri wake ni ndugu wa askofu wa karatasi wa Szumowska. Mbona filme hizi, zenye macho makali hivi kwa mateso ya upande mmoja, hazioni mtu ndani ya kanzu? Twadhani zawadi yenyewe ina sehemu ya kosa. Atengenezaye filme akijua kwamba itashangiliwa na watu wanaokubaliana naye hatahangaika kumpa mpinzani wake roho. Hata Xavier Dolan wa Kanada, aliyepata Queer Palm mwaka 2012 kwa *Laurence Anyways*, alisema baadaye kwamba zawadi za namna hii zawatenga watu badala ya kuwaunganisha. Na kuzikataza kwa serikali hakusaidii: filme iliyokatazwa haihukumiwi na mtu, ila yatukanwa na wasioiona na kusifiwa na wasioiona. Ndiyo sababu twapenda ionekane, na ipingwe kwa macho wazi panapofaa.

Zamani maofisi ya Kikatolika ya sinema yalikuwa yakiandika kando ya kila filme ni ya nani. Nasi tufuate desturi hiyo. *Il Vangelo secondo Matteo* ni ya wote, hata watoto wa katekisimu, na mwalimu awaambie *Gloria* yatoka Kamina. *Teorema* haifai kwa vijana. Kwa walimu wa teolojia yafaa, kama wana saa mbili za kubishana baadaye. *Rafiki* na filme ya Chile ni za watu wakubwa wenye kujua kupima. *W imię...* si ya seminari ndogo hata kidogo. Kwa waseminari wa teolojia yaweza kuonyeshwa mbele ya padri wa kiroho, na wasimamizi waitazame kwanza peke yao. Na *Call Me Kuchu* twaipendekeza kwa mapadri na wakatekista, wakati wa masomo ya ibada ya mazishi: mashini isimamishwe pale mhubiri anaponyang'anywa kipaza sauti, kila mmoja apewe karatasi, aandike maneno ambayo angaliyasema yeye mbele ya jeneza lile na mbele ya mama yule, kisha ayasome kwa sauti.